Mzigo unashukia wapi? Siku nilipoingia kanisa kuu la Köln

Wengi mlioona zile picha nilizoweka status mmeniuliza kitu kile kile, hilo jengo jeusi refu ni nini na limesimamaje miaka yote hiyo wakati limeanza kujengwa zamani za watu ambao hawakuwa na zege la nondo. Nimekuwa najibu inboksi kwa kifupi kifupi, sasa naona bora niandike yote sehemu moja maana hiki kitu kimenikaa moyoni na majibu ya mistari miwili hayakitendei haki.

Nilikuwa Ujerumani, mji wa Würzburg. Kwa msiojua, Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966, watu wa kwetu wanaenda na wao wanakuja, na safari hii na mimi nikawa kwenye kundi. Wikiendi wenyeji wetu wakasema twendeni Köln mkaone Dom, ndo wanavyoliita lile kanisa, tukapanda treni masaa mawili na kitu hivi mpaka magharibi huko kwenye mto Rhine. Sasa stesheni ya Köln imejengwa miguuni kabisa mwa kanisa, unatoka mlangoni na begi lako unakutana nalo uso kwa uso, hakuna hata barabara ya kukuandaa. Unainua shingo, unainua tena, bado. Minara miwili imeenda juu mita 157, kila sehemu imechongwa, hamna sehemu jiwe limeachwa tupu, na lote limekuwa jeusi kwa moshi na hewa chafu ya miaka mingi. Nilisimama pale watu wananipita na mabegi yao, nikasema Mungu wangu, hii ni mikono ya watu.

Mimi nimekulia kwenye familia ya ujenzi. Bamdogo wangu ni fundi mwashi, amejenga milimani kwote huko Mwanza, Bugarika, Mabatini, Igogo, zile nyumba zenu mnazoona zimepachikwa kwenye mawe, na wakati wa likizo tulikuwa tunambebea maji na mchanga. Bamdogo ana swali moja, kabla hajashika mwiko analiuliza, na akiona jengo la mtu mwingine analiuliza tena: mzigo unashukia wapi? Kwa hiyo hata mimi nikiingia kwenye jengo lolote macho yananipeleka juu halafu yanashuka polepole yanafuata uzito. Na ndo maana nasema Köln ilinifurahisha zaidi ya nilivyotegemea, maana lile kanisa zima, urembo wake wote, kwa kweli ni jibu la swali hilo moja.

Ngoja nianzie Würzburg ili ieleweke vizuri. Pale Würzburg kuna kanisa kuu la Mtakatifu Kiliani, ujenzi wake ulianza karibu 1040, miaka 200 kabla ya Köln, na ule ni mtindo wa kizamani zaidi, matao yake ni ya mviringo kabisa, nusu duara. Tao la nusu duara ni zuri lakini lina tabia moja, ukilitwika uzito linataka kutanuka, miguu inakimbia nje, kama mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye sabuni. Sasa ukitaka lisitanuke unafanyaje? Unaweka ukuta mnene. Na ukuta ukiwa ndo unabeba kila kitu huwezi kuutoboa ovyo, madirisha yanabaki madogo, ndani kunakuwa na giza. Sio kwamba walipenda giza, hapana, mzigo ndo uliwalazimisha.

Halafu kwenye miaka ya 1140 huko Ufaransa, kwenye abasia, yaani makao ya watawa, ya Saint-Denis karibu na Paris, kulikuwa na mkuu wa abasia anaitwa Suger, huyu alitaka mwanga. Aliamini mwanga wenyewe unampeleka mtu kwa Mungu. Mafundi wake wakachukua vitu ambavyo vingine vilishakuwepo huku na huku wakaviunganisha, na sehemu ya altare ilipowekwa wakfu 1144 watu waliona kitu ambacho hakijawahi kuonekana, kuta zimepungua vioo vimeongezeka. Kuanzia pale ndo tunahesabu mtindo wa ujenzi unaoitwa Gothiki, ndo huo wa Köln. Ukasambaa Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, kila mji unataka lake tena refu kuliko la jirani.

Siri ya kwanza ni tao lenye ncha. Ukilichora lile tao likawa limechongoka juu, uzito unashuka chini zaidi na ule msukumo wa kwenda nje unapungua. Lakini kuna faida nyingine ambayo mimi naona ni kubwa zaidi na watu wengi hawaisemi. Tao la nusu duara urefu wake umefungwa na upana wake, ukiwa na nafasi ya mita 8 tao linapanda mita 4 basi, huna ujanja. Sasa ukiwa na chumba ambacho upande mmoja ni mpana na mwingine ni mwembamba matao yako yanafika vimo tofauti, ni usumbufu mtupu kuyakutanisha juu. Tao lenye ncha unaliinua au unalilaza upendavyo, pana na jembamba yote yakafika kimo kimoja. Hapo fundi kapata uhuru wa kupanga nguzo zake anavyotaka. Nilivyoelewa hilo nilikaa kwenye benchi mule ndani nikaanza kuhesabu matao juu kwa raha kabisa.

Siri ya pili, mbavu. Ukiangalia dari unaona mistari ya mawe imekatizana juu, hizo ni mbavu. Walikuwa wanatengeneza fremu ya mbao kwanza, wanapanga mawe ya mbavu juu yake mpaka lile la katikati linalofunga, chokaa ikishika wanatoa mbao wanahamisha wanaenda sehemu nyingine, halafu katikati ya mbavu wanajaza mawe mepesi. Uzito wa dari unakusanyika unashuka kwenye nguzo chache, haumwagiki tena kwenye ukuta mzima. Ukuta ukawa hauna kazi ya kubeba. Na ukuta usiobeba unaweza kuutoa ukaweka kioo! Ndo maana yale madirisha ya Köln yanaenda juu mpaka unachoka kuangalia.

Ila msukumo wa nje bado upo. Umepungua haujaisha, na pale dari iko mita 43 juu, sasa huko juu unaushikiaje? Hapa ndo nilipotoka nje nikazunguka kanisa lote nikiwa nimeacha wenzangu kwenye kahawa. Kwa nje wamejenga nguzo nene zimesimama mbali na ukuta, na kutoka kwenye nguzo hizo kuna matao nusu yanavuka hewani yanaenda kuegemea ukuta pale pale ambapo dari linasukuma. Yanapokea msukumo yanauleta kwenye nguzo, nguzo inaupeleka ardhini. Yako mawili mawili, la chini na la juu, la chini linapokea dari, la juu linasaidia upepo unaopiga lile paa kubwa. Halafu juu ya zile nguzo za nje kuna vijimnara vyenye ncha, vimechongwa majani na maua, mtu yeyote angesema hilo ni pambo. Sio pambo tu. Vile vijimnara ni uzito umewekwa pale makusudi, unakandamiza nguzo chini ili ule msukumo wa ubavuni usiiangushe. Aisee. Uzito unatumika kuushinda uzito. Mpaka leo nikikumbuka hilo nasisimka.

Na bamdogo anafanya jambo hilo hilo Bugarika! Akijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo mlimani, upande wa chini anaongeza nguzo nene za mawe kila baada ya hatua kadhaa maana udongo mvua ikinyesha unasukuma, ukuta ulionyooka wenyewe utalala. Anajua bila kitabu. Na hao wa Köln nao hawakuwa na hesabu za kupima nguvu kama mainjinia wa leo, walikuwa na kamba, bikari kubwa, timazi, na uzoefu wa kuona kilichosimama na kilichoanguka.

Maana vilikuwa vinaanguka. Ufaransa kuna mji unaitwa Beauvais, wao walitaka kuwapita wote, wakapandisha dari mita 48, na 1284 sehemu ya dari ikaporomoka. Wakajenga upya wakaongeza nguzo. Baadae wakaweka mnara wa mita 153, 1573 nao ukashuka. Kanisa la Beauvais halijamalizika mpaka leo, lina sehemu ya altare na mikono yake miwili ya pembeni tu. Nikiwasikia watu wanasema wazee wa zamani walikuwa hawakosei sikubaliani nao, walijifunza kwa gharama kubwa sana, na kile kinachosimama leo kimesimama juu ya somo la vilivyoanguka.

Sasa hadithi ya Köln yenyewe ni ndefu, ina mambo. Mwaka 1164 askofu mkuu wa pale, Rainald von Dassel, alileta kutoka Milano masalia yanayoheshimiwa kuwa ni ya Mamajusi watatu, wale waliomfuata Yesu kwa nyota. Mahujaji wakaanza kumiminika, wakatengeneza sanduku kubwa la dhahabu la kuyaweka, kazi ya Nicholas wa Verdun na wenzake, mpaka leo lipo nyuma ya altare kuu nimeliona kwa macho yangu. Kanisa la zamani likawa halitoshi kwa heshima hiyo, likaungua 1248, na tarehe 15 Agosti mwaka huo huo, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, jiwe la msingi la hili jipya likawekwa. Fundi mkuu wa kwanza alikuwa Gerhard, na ukiangalia kazi yake unaona alilijua vizuri kanisa kuu la Amiens, Ufaransa, lililoanza kujengwa 1220.

Kwa sisi Wakatoliki wa Mwanza hapo kuna kitu. Kanisa kuu letu pale Bugando ni la Epifania, yaani sikukuu yenyewe ya Mamajusi kumfikia Mtoto! Nilikuwa nimesimama mbele ya lile sanduku la dhahabu nikawaza jumapili zote nilizosali Bugando, nikaomba kwa ajili ya nyumbani, nikaomba hasa kwa wagonjwa wa pale hospitali. Yule mama mwenyeji wetu nilipomwambia kanisa letu ni la Epifania alinishika mkono akanivuta tena mbele, akasema basi wewe una haki ya kukaa hapa muda mrefu.

Turudi kwenye ujenzi. Sehemu ya altare ilimalizika ikawekwa wakfu 1322, ndani ya miaka sabini na kitu. Wakaendelea na mnara wa kusini, ukafika chini ya mita 60, halafu hela ikapungua, nyakati zikabadilika, kwenye karne ya 16 kazi ikasimama kabisa. Kuna winchi kubwa ya mbao ya kunyanyulia mawe waliiacha juu ya ule mnara. Ikabaki pale. Ikakaa miaka kama 400 juu ya mnara usioisha, vizazi na vizazi wanazaliwa wanakufa wanaiona winchi, mpaka ikawa ndo alama ya mji. Ilishushwa 1868.

Kilichowarudisha kazini ni mchoro. Mafundi wa zamani walikuwa wamechora uso wa mbele wa kanisa kwenye ngozi, mchoro una urefu wa zaidi ya mita 4, ukapotea wakati wa vurugu za vita. 1814 nusu yake ikaonekana Darmstadt, na muda mfupi baadae Sulpiz Boisserée, mpenzi wa sanaa mzaliwa wa Köln, akaipata nusu nyingine Paris. Wakaziunganisha. 1842 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, akaweka jiwe la kuanza upya, na 1880 likamalizika, miaka 632 tangu jiwe la kwanza, na wamefuata ule ule mchoro wa watu waliokufa karne nyingi nyuma. Likawa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka minne hivi. Paa wakaliwekea kenchi za chuma badala ya mbao, kwa hiyo pale juu chuma cha karne ya 19 kimekaa juu ya kuta za mawe na ukiwa ndani ya kanisa huwezi kujua.

Mimi nafikiria wale waliochora. Walijua hawataliona. Fundi aliyeanza 1248 alijua yeye, mwanae, mjukuu wake, wote hawataliona limeisha, na bado alichonga majani ya mawe sehemu ya juu ambayo hakuna mtu wa chini anaweza kuiona vizuri.

Mawe yenyewe mwanzoni yalitoka mlima Drachenfels, uko juu ya mto, wakayaleta kwa mashua yakiteremka na Rhine mpaka Köln. Baadae wakatumia aina nyingine nyingi na sio zote zilizofaa, kuna aina moja ya jiwe la mchanga iliyotumika karne ya 19 inaliwa na hewa vibaya sana, ndo maana mirunda haitoki, ukienda mwaka wowote utaikuta, siku hizi ni ya chuma lakini. Kanisa lina karakana yake, wachonga mawe, mafundi vioo, wahunzi, maseremala, wanabadilisha jiwe moja moja. Niliwaona kwa mbali wakichonga. Nikakumbuka wapasua mawe wetu wa milimani, wanaowasha moto juu ya jiwe likipata joto linapasuka halafu nyundo inafanya kazi, akina mama wamekaa pembeni wanagonga kokoto juani kutwa. Jiwe letu ni gumu, lina chembe chembe kubwa, sio la kuchonga uso wa malaika kirahisi, lakini kubeba linabeba haswa. Angalia jiwe la Bismarck pale ziwani, limekaa juu ya wenzake bila chokaa, uzito umenyooka kwenda chini na hakuna kinachosukuma pembeni. Watoto wa Mwanza tumeanza kuliona somo hili tukiwa wadogo.

Wakati wa vita kuu ya pili mji wa Köln ulibomolewa karibu wote pale katikati. Kanisa lilipigwa na mabomu makubwa 14, baadhi ya dari zilidondoka, lakini likabaki limesimama. Wataalamu wanaeleza kwamba mlipuko ulipita kwenye madirisha makubwa na uwazi ule mwingi, ukuta mzima usingepata pa kuutolea. Vioo vingi vya zamani walikuwa wamevitoa mapema wakavificha. Dirisha moja la upande wa kusini lina vioo vipya vya msanii Gerhard Richter, 2007, vipande vya mraba zaidi ya 11,000 kwa rangi 72, hamna picha ya mtakatifu hata mmoja. Kuna wanaolipinga. Mimi nalipenda sana, jua la mchana lilikuwa linapita rangi zinamwagika sakafuni na watoto wanazikanyaga, nadhani Suger angelielewa.

Mnara wa kusini unapandwa, ngazi 533 za mawe zimezunguka nyembamba, mnapishana na wanaoshuka mmebanana. Katikati unapita kwenye kengele, kubwa kuliko zote ina tani 24 ilitengenezwa 1923. Juu unauona Rhine wote na mashua zake. Lakini kwangu sehemu bora ilikuwa chini kabisa, maana njia ya kuingilia mnarani wameitoboa katikati ya msingi wenyewe, unatembea ndani ya msingi, kushoto mawe kulia mawe, unaona yalivyopangwa na chokaa yake. Nilipiga picha nyingi pale kuliko juu.

Na hizo ndo picha alizozitaka bamdogo. Nimerudi nimeenda kumsalimia, shikamoo bamdogo, marahaba mwanangu, lete hiyo simu. Picha za minara alizipitisha haraka. Alipofika kwenye matao ya nje akasimama, akavaa miwani, akavuta picha ikawa kubwa, akafuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kimya. Akasema "hapa wameukamata." Halafu akauliza vile vijimnara vya juu vya nini, nikamwacha kwanza, nikataka nione. Akakaa kidogo akasema "hivi ni vya kugandamiza, bila hivi nguzo ingelala." Nimesoma vitu hivi kwenye maelezo na nimeelezwa na watu waliosoma, yeye kaviona kwenye kioo cha simu kwa dakika chache. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuielezea vizuri.

Alikuwa na maswali ambayo mimi naendelea kuyafanyia kazi, alitaka kujua waliacha mbao za matao muda gani kabla ya kuzitoa, maana chokaa haishiki haraka kama simenti, na ukiondoa mapema tao linakaa vibaya. Alitaka kujua mawe yalipandishwa mangapi kwa siku. Msingi nikamwambia umeenda chini zaidi ya mita 10, akatikisa kichwa akasema sisi huku mwamba tumepewa bure na bado mtu anajenga juu ya udongo wa kujaza.

Kama kuna mtu anapata safari ya Ujerumani, apite Köln hata kama ni masaa machache ya kubadilisha treni, stesheni iko hapo hapo. Ushauri wangu, usiingie kwanza. Zunguka nyuma upande wa mashariki, kule altare iliko kwa ndani, maana ile ndo sehemu ya zamani zaidi na matao ya nje yamelizunguka kanisa pande zote unayaona vizuri kuliko mbele. Chagua tao moja. Anzia pale linapogusa ukuta, shuka nalo mpaka kwenye nguzo, panda uangalie kijimnara chake, halafu ndo uingie ndani utafute upande wa pili wa ukuta huo huo uone ni dari lipi linasukuma pale. Ukishalipata hilo moja mengine yote yatakufungukia yenyewe.